Uji wa Mama Samaki

"Mama Kinya, huyu samaki wako amekataa kula. Ni mgonjwa, ama amefunga?"

Aliyeuliza ni Ciakuthii, jirani wa Mukami, ndiye Mama Kinya, pale mtaa wa Kinoru, naye aliuliza akiwa amesimama mlangoni. Ciakuthii alilelewa na nyanya ambaye hakutaka hata harufu ya samaki ipite uani kwake, akisema hao ni ndugu za nyoka. Basi kila akija kwa Mukami alikalia kiti kilicho mbali kabisa na tangi, ingawa macho hayakubanduka pale.

Mukami alicheka. "Hajafunga, dada. Ana mayai mdomoni."

"Mdomoni! Bwana asifiwe, mdomoni kabisa?"

"Akishataga anayaokota, anayaficha hapo mpaka watoto waweze kuogelea wenyewe. Akila, atawameza. Kwa hivyo hali."

Ciakuthii alilitazama lile taya lililofura kama la mtu anayeumwa na jino. "Maskini mama," akasema polepole.

Mukami ni mwanamke wa Embu aliyeolewa Meru. Miaka mingi alikuwa msafishaji katika hoteli moja mjini, na kutunza samaki wa ukumbini kulikuwa kazi yake. Hoteli ilipofungwa, mwenye hoteli aliwaambia wafanyakazi kila mmoja achague kitu cha kwenda nacho. Wenzake walibeba magodoro na viti. Mukami akaomba tangi la samaki, wakamcheka hadi getini. Lile tangi ni refu kuliko kitanda. Ilibidi fundi ang'oe fremu ya mlango ndipo liingie, na kabati la vyombo likahamia jikoni. Mumewe, Kinoti, alinung'unika sana, kisha akaanza kuonekana jioni akivuta kiti karibu na kioo, chai mkononi, kimya.

Wa ajabu zaidi walikuwa wale wa buluu wenye mistari ya manjano, ambao Mukami hajawaona kwingine kokote Meru. Walikuwa wamebaki wawili tu, dume na jike. Jike, huyo aliyekataa kula, alikuwa ameshabeba mayai mdomoni wakati stima ilipopotea kwenye baridi ya Julai. Kifaa cha kupasha maji kikazimika, maji yakapoa. Mukami alilifunika tangi kwa blanketi zote za nyumba, lakini dume hakupona. Sasa wale watoto wasipotoka salama, aina ile ingekwisha pale. Kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko aliwataja katika maombi bila haya, kwa maana aliyemuumba yeye ndiye aliyewaumba.

Siku hiyo Ciakuthii alipouliza, akina mama wa kanisa walikuwa na maombi kwa Mukami. Na kwao, mama aliye na mtoto mchanga haendewi mikono mitupu, anapelekewa uji. Mukami alikuwa jikoni akichuja chai aliposikia wimbo umekatika katikati. Alitoka na sinia mkononi, akamkuta Ciakuthii amefunua tangi, na chupa ya uji wa wimbi ameiinamisha.

"Kunywa, mama," alikuwa akimwambia samaki. "Kidogo tu, upate nguvu."

"Wewe Ciakuthii!"

Maji yalikuwa yameshageuka rangi. Samaki wote walipanda juu wakihema, midomo nje. Jike naye alipanda, taya limefungwa.

"Woi, Mama Kinya! Nilimwonea huruma tu. Nimekuulia watoto."

Mukami aliweka sinia chini. Sauti yake haikupanda. "Usilie sasa, dada. Shika karai."

Kwenye pipa kulikuwa na maji ya mfereji aliyoyaacha yakae mpaka dawa ya kusafishia maji iishe, ila yalikuwa baridi ya mlimani. Sufuria zikawekwa jikoni. Ilibidi maji machafu yavutwe kwa mpira wa maji, na wa kuanza kuvuta kwa mdomo alikuwa Ciakuthii, yule yule wa kiti cha mbali. Alivuta kwa nguvu, maji yakamjaa kinywani, akayatema kwenye karai huku akikunja uso.

"Leo umeonja supu ya samaki!" Wamuyu, mmoja wa wale akina mama, akasema. "Nyanya yako akikusikia!"

Walicheka mpaka mwingine akakaa chini. Kisha wakafanya kazi. Ciakuthii ndiye aliyepima kila karai kwa kiwiko, jinsi alivyozoea kupima maji ya kuogesha watoto wachanga. "Haya bado ya moto. Ongeza baridi. Ongeza tena." Mukami alimwachia, kwa sababu kiwiko kile hakikukosea.

Maji yakaanza kuonekana vizuri. Samaki wakashuka. Jike alijificha nyuma ya jiwe, na hakuna aliyejua kama bado amebeba ama amemeza. Tangu hapo Ciakuthii alikuja kila asubuhi, akauliza, akarudi kwake na uso mrefu.

Kisha Jumamosi moja Mukami aliinama mbele ya kioo akaona vitu vidogo kama punje za mchele vikizunguka jiwe, vina macho. Jike alipoona kivuli chake alifungua mdomo, wote wakaingia mbio. Kivuli kilipoondoka, akawatoa tena.

Ciakuthii alipoitwa alipiga magoti palepale, pua ikigusa kioo, akamshukuru Mungu kwa Kimeru. Kisha akatoa simu, ampigie Wamuyu, na Wamuyu awaambie wengine. "Kesho tukitoka kanisani tunakuja kuona watoto," akasema.

"Karibuni wote," Mukami akajibu. "Naomba kitu kimoja tu: uji mnipe mimi."