Herufi Moja Ukutani

Nilikuwa na wivu, na sitaupamba kwa jina jingine. Mwishoni mwa miaka ya sitini, mjini Kisii, mimi ndiye niliyeandika mabango ya maduka, na nilijivunia sana Kiswahili changu cha shuleni. Kisha akaja mwenzangu mmoja kutoka Nyamarambe, Msabato mpole mwenye brashi tatu na mkono wa ajabu. Akichora kuku, ungedhani atakudonoa. Nilimchukia kabla hajanisalimia.

Mwaka huo Mhindi aliyetuuzia vitambaa alinyimwa leseni kwa kuwa hakuwa raia. Alitoka kwao akiwa kijana, akazeekea nyuma ya kaunta ile, akimmegea kila mteja kipande cha sukari guru. Akafunga duka, akaondoka na mkewe. Kwenye baraza ya chifu tuliambiwa aliye na swali juu yake aulize. Tukatazama viatu vyetu. "Hayo ni ya serikali," tukaambiana njiani, tukapitia soko la Daraja Mbili kununua ndizi.

Wiki iliyofuata mwenzangu alichora kwenye ukuta wa duka lile, bila kutumwa na mtu. Mikono miwili juu ya kaunta, mmoja unatoa sukari guru, mwingine unapokea. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa: TULIKURA HAPA.

Alitaka kusema tulikula. Sisi Wakisii L hutugeukia R mdomoni, na kwake L ya kwanza ilipona, ya pili ikageuka hadi kwenye brashi. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Lakini watu waliopita walisoma humo neno kura.

"Kura gani?" mzee mmoja akauliza. "Nani aripiga kura huyu mtu afukuzwe? Mimi sikuurizwa."

"Na kwa baraza urisema nini?" mama muuza mboga akamjibu. "Si urinyamaza kama mimi?"

Kufikia Ijumaa ukuta ule ulikuwa na watu wengi kuliko baraza yenyewe. Walibishana, wakalaumiana, hata makarani waliotoka kazini wakasimama na kutia neno. Na mabango yangu, yenye kila herufi mahali pake, hakuna aliyewahi kusimama kuyatazama.

Jumamosi, mwenzangu akiwa kanisani, nilichukua rangi yangu, nikaifuta ile R, nikaandika L. Nilijiambia kwamba naitetea lugha. Nilijua ninadanganya, na bado nikaupitisha mkono mara ya pili ili herufi ikolee.

Jumatatu watu walikuja, wakasoma. "Kweri, turikura hapa," akasema yule mzee, akatabasamu kidogo, akaenda zake. Yule mama alipita na kikapu chake bila kugeuka. Siku mbili baadaye, mbele ya ukuta hapakuwa na mtu.

Mwenzangu alinikuta nikipaka bango la kinyozi.

"Ndugu, nimeona hiyo rangi ni yako," akasema.

Nikaweka brashi chini, tayari kwa ugomvi.

"Asante. Niriona watu wanabishana hapo kira siku, nikajua nimekosea maneno, rakini niriona haya kukuuriza. Sasa wanapita tu. Iko sawa?"

Nikamwambia iko sawa.