Kompyuta ilifaulu mtihani, harusi ikaharibika

Saa nane mchana, wakati mtaa mzima hapa Sunshine, magharibi mwa Melbourne, umejifungia ndani na kushusha mapazia, Noelene Zerafa anafunga mlango wa gereji yake na kuzima feni ya ukutani. Nje ni nyuzi arobaini na moja. Ndani hakuna anayetaka kujua.

Anajifuta jasho, anavuta kigoda, anakaa mbele ya kompyuta iliyovuliwa boksi lake. Ubao, feni na nyaya vimelala wazi mezani kama kuku aliyenyonyolewa.

"Kama ni kufa, ife leo mbele yangu," anasema. "Isije ikafia nyumbani kwa watu."

Mwanamke huyu wa miaka hamsini na mmoja anaishi kwa kusukuma kompyuta: anazifanya zikimbie kuliko kiwandani walivyokusudia, kisha anazituliza zisianguke. Ndani ya kila mashine kuna njia kuu inayounganisha prosesa na kumbukumbu. Kiwandani huwekwa megahezi 200. Yeye huipandisha pole pole, anaongeza umeme kidogo hapa, anailegeza kumbukumbu pale, huku jicho liko kwenye kipimo cha joto.

"Kupandisha kila mtu anaweza," anasema. "Kuikalisha huko juu, hapo ndipo tunapotafutana."

Kabla ya hapo alishona viti vya magari kwa miaka kumi na tisa, mpaka kiwanda kilipofungwa. Ufundi huu aliuokota kwenye soko la kompyuta la Jumapili, katika ukumbi mmoja wa St Albans ambako watu huuza diski kama vitunguu. Wanawake walikuwa wawili tu, na mwenzake alikuwa akiuza pastizi, sambusa za Kimalta za jibini, mlangoni. Leo anatoza dola sitini kwa mashine, na mwezi ukiwa mzuri hupata mashine ishirini. Mwezi huu amepata tatu.

Kisa cha kupungua huko kila mtu sokoni anakijua, na kila mtu anakisimulia kwa namna yake. Chake ndicho hiki.

Novemba 2003 alimsukumia kompyuta Salvu Grech, mpiga video wa harusi ambaye nusu ya Wamalta wa upande huu wa Melbourne wamefunga ndoa mbele ya kamera yake. Salvu alikuwa amelemewa. Kukamilisha filamu moja kulimchukua siku nzima, na majira ya harusi ndiyo kwanza yamechanganya.

Noelene akaipandisha njia kuu hadi 232. Kisha akaipa mtihani ambao sokoni unaheshimiwa kama kiapo: programu ya hesabu inayoichosha prosesa na kumbukumbu saa ishirini na nne mfululizo. Ikipita bila kosa hata moja, unapiga picha ya skrini, unaibandika mezani kwako, na hakuna wa kukuuliza swali.

Ya Salvu ilipita. Picha ikabandikwa.

Siku hiyohiyo Salvu alilalamika kwamba kanda za kamera zinammaliza mfukoni.

"Za nini tena?" Noelene akamwambia. "Ukishaingiza kwenye diski, rekodi harusi nyingine juu ya kanda hizohizo. Mashine hii haitikisiki, bwana."

Maneno hayo anayarudia leo akiwa ameinamisha kichwa. Ni yake, hamsingizii mtu.

Januari, siku ya joto kali, simu ikalia.

"Noelene, njoo."

"Kuna nini?"

"Usiulize. Njoo."

"Nina kandambili miguuni, Salvu."

"Njoo na hizohizo!"

Alimkuta Salvu amesimama nyuma ya kiti chake, kama vile kiti kina nyoka. Kwenye skrini, Marthese Camenzuli alikuwa mbele ya padri, anafumbua mdomo kusema ndiyo. Uso wake ukavunjika vipande vya mraba, kijani na zambarau. Bwana harusi akapoteza kichwa. Sauti ikawa kama bati linaloburuzwa.

"Nilisogea mpaka pua ikagusa skrini," anasema Noelene. "Nikamwambia cheza nyingine. Akacheza. Nayo imevunjika. Ya tatu, vilevile."

Harusi tatu. Kanda zake zote zilikuwa zimeshabeba harusi za watu wengine.

Cha kushangaza, mashine yenyewe ilikuwa nzima. Haikuzima, haikukwama, haikulalamika. Salvu alitaka kuzinakili filamu upya hapohapo, aone kama zitatengemaa. Noelene akampigia kwanza Trung Huynh, muuza kumbukumbu anayekaa meza ya jirani pale sokoni.

"Msiguse kitu!" Trung akafoka. "Msinakili, msihifadhi, zimeni! Nakuja."

Trung alikuja na kikadi cha kupimia kasi. Walikichomeka kwenye ubao na kuwasha mashine tena, diski ikiwa imechomolewa.

Ni hivi: kutoka kwenye njia kuu inachepuka njia ndogo inayohudumia diski. Hiyo inatakiwa ibaki megahezi 33, hata mkubwa akikimbia vipi. Kwenye ukurasa wa mipangilio ya ubao ule iliandikwa wazi kwamba imefungwa hapo. Noelene aliusoma, akauamini.

Kikadi kikaonyesha 38.6.

"Imefungwa kwa mdomo tu," Trung akasema.

Kumbe ubao ulikuwa unaandika kufuli ambalo haukuwa nalo. Kila njia kuu ilipopanda, njia ya diski ilipanda nayo, na diski ilikuwa ikinyweshwa data kwa kasi isiyoimudu. Mtihani wa saa ishirini na nne usingeliona hilo hata ungekwenda mwaka. Hesabu zake hufanyika kwenye prosesa na kumbukumbu, diski hauigusi.

Jumapili iliyofuata Noelene aliingia sokoni na sidii yenye faili moja kubwa na programu ndogo inayoipa kila faili namba yake. Faili ikibadilika hata chembe, namba inabadilika. Alipanda juu ya kreti.

"Kila mwenye mashine iliyosukumwa anakili faili hii mara kumi! Halafu namba nisomewe kwa sauti!"

"We Noelene, umekuja kutuharibia Jumapili?" mmoja akadakia, ukumbi ukacheka.

"Jumapili yenu nimeikuta imeharibika. Nakili!"

Walinakili ili wamcheke vizuri. Meza ya kwanza, namba sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, jamaa akasoma, akasoma tena.

"Hii siyo," akasema taratibu. "Mama yangu, hii siyo."

Kati ya mashine kumi na nne zilizokuwa ukumbini, tisa zilitoa namba zisizolingana. Zote tisa zilikuwa na picha ya mtihani wa hesabu mezani. Wanaume wazima walisimama wakitazama picha zao wenyewe kana kwamba wamekuta mgeni kitandani. Mmoja alitoka mbio kumpigia dada yake, ambaye alikuwa ameweka picha zote za mtoto wake kwenye mashine aliyomtengenezea. Hata muuza pastizi aliacha meza yake kuja kuchungulia.

Wapo waliomshukuru. Wapo ambao mpaka leo hawamsalimii, maana wateja walisikia na wakakimbia.

Lakini Noelene hakuwa anawaza wateja. Alikuwa anawaza harusi tatu.

Trung ndiye aliyetoa tumaini: huenda data iliandikwa vizuri na inaharibika inaposomwa tu. Waliihamishia diski kwenye kompyuta ya jikoni kwa Noelene, kikongwe ambacho hakijawahi kusukumwa na mtu. Harusi ya kwanza ikafunguka safi. Ya pili, safi. Salvu alimbusu Trung kwenye upara.

Ya Marthese haikufunguka. Hiyo iliandikwa ikiwa imeshavunjika: dakika kumi na moja, kuanzia viapo mpaka pete.

Walikwenda kumwambia wao wenyewe. Marthese aliwakaribisha, akawawekea chai na biskuti za ufuta, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ngoja nielewe," akasema. "Mliikimbiza ili imalize mapema?"

"Ndiyo," Noelene akajibu.

"Mapema iende wapi?"

Salvu aliitazama chai yake. Marthese akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kisha kikarudi kicheko, na akaendelea hivyo kwa muda mrefu, wageni wake hawajui washike wapi.

Alipotulia alijifuta uso. "Harusini walikuwepo watu mia mbili na sitini. Wajomba zangu wote wana kamera na hakuna anayejua kuitumia. Katafuteni."

Basi wakatafuta. Chakula cha mchana cha Jumapili kwenye klabu ya Wamalta, ukumbi umejaa, sungura aliyepikwa kwa mvinyo yuko mezani, Noelene akaomba kipaza sauti. Alieleza kila kitu, hakujificha nyuma ya ubao wala kiwanda.

"Yaani umempoteza padri na pete?" bibi mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni.

"Nimevipoteza, Nanna."

"Na mume je, bado yupo?"

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Kisha watu wakaanza kuinua mikono.

Mpaka sasa zimepatikana kanda nne. Moja imepiga zaidi dari la kanisa. Nyingine ina kidole cha mtu pembeni mwanzo hadi mwisho. Zikiunganishwa zinatoa dakika saba, pete zikiwemo. Dakika zinazokosekana ni nne, na humo ndimo ilimo ile "ndiyo" ya Marthese.

Noelene bado anasukuma kompyuta, ila mashine haitoki gerejini kabla haijanakili na kulinganisha faili mara mia, kwenye joto la mchana, na kikadi kimechomekwa. Mwenye vitu asivyoweza kuvipata tena humrudisha na mashine yake ikiwa kwenye 200. Wengine hununa.

"Wanune," anasema. "Mchezo wa vita ukianguka, unauanza upya."

Jumamosi hii ataendesha gari kwa muda wa saa sita mpaka Mildura. Huko anaishi mjomba wa bi harusi, mkulima wa zabibu, ambaye inasemekana alikaa kiti cha mbele kabisa na hakushusha kamera tangu wimbo wa kwanza. Mzee amejitolea kuituma kanda kwa posta. Noelene amekataa.

"Nitainakili hukohuko, sebuleni kwake, yeye akiangalia, hata ichukue siku mbili," anasema. "Halafu kanda namwachia mwenyewe."