Jiwe la Baba Mbele ya Darasa

Leo nimemwaibisha baba yangu mbele ya wanafunzi wangu.

Baba ni mchoma chokaa, Kengeja. Nilimwalika darasani, nikapima jiwe lake bichi la chokaa: gramu mia. Jiwe safi kabisa, likichomwa, hupungua gramu arobaini na nne.

Nikalichoma la baba palepale: likapungua ishirini na mbili.

"Nusu uchafu, mwalimu!" Darasa zima, kwa furaha.

Baba akavaa makubadhi yake mlangoni. "Kumbe n'kichoma uchafu miaka yote hii, mwanangu."

Akaenda zake.

Jioni hii nimelipasua lile jiwe. Ndani bado bichi! Nililitoa motoni mapema, kipindi kilikuwa kinaisha.

Mama anasema baba anawagawia majirani kuni za tanuri. Simu yangu hapokei.

Jamani, naanzia wapi?