Chai ya Rangi ya Bibi Yusta

Yusta alikunywa chai ya rangi kwa miaka mitatu, na pale Rudewa kila mtu alijua sababu. Mumewe, Timotheo, alikufa kwa jeraha la kichwa siku wakulima na wafugaji walipogombana katika shamba lake la maharage, ng'ombe wakiwa wameshakanyaga nusu yake. Aliyempiga hajajulikana mpaka leo. Walipoanua tanga, Yusta alisema mbele ya ndugu waliotoka Mamboya kwamba maziwa ya ng'ombe wale hayatapita kooni mwake tena. Tangu hapo hata salamu ya mfugaji hakuiitikia. Mtu anamwamkia shikamoo, yeye anatazama pembeni. Kumnyima mtu marahaba si jambo dogo, na alijua hivyo.

Mkali alikuwa, mbaya hakuwa. Kila asubuhi alitembea hadi kituo cha watoto kilicho kando ya mashamba ya zamani ya mkonge, akawapikia uji watoto ishirini na wawili bila malipo. Waliomuuliza anapata nini pale aliwajibu, "Napata watu wa kuwagombeza." Kituo chenyewe kiko mpakani: upande huu mashamba, upande ule maboma ya Wasukuma. Watoto walitoka pande zote mbili, na kwenye sufuria Yusta hakubagua.

Mwezi wa tatu akaletwa Ndaki, binti wa miaka mitano. Mama yake alikuwa amefariki. Baba alihama na mifugo kuelekea kijiji cha Ulaya, huko huko Kilosa, na hakurudi. Mtoto huyu hakula. Aliletewa uji wa karanga, akafumba mdomo. Aliletewa ubwabwa, akafumba mdomo. Zahanati walimpima malaria wasione kitu, wakasema akizidi kukataa apelekwe Kilosa akatundikiwe dripu. Lakini barabara ya Kilosa ilikuwa imekatwa na maji tangu Jumapili. Siku ya tatu midomo yake ilipasuka, na Fausta, msimamizi wa kituo, akaanza kusali kwa sauti huku akifanya kazi.

Alasiri hiyo ng'ombe walipita nyuma ya uzio. Ndaki, ambaye asubuhi alishindwa hata kukaa, aliinuka, akachukua kikombe chake kitupu, akaenda kusimama kwenye uzio. Yusta alimwona kutoka jikoni. Alielewa papo hapo mtoto anataka nini, na akachukia kuelewa.

Angeweza kumwambia Fausta amtume mtu mwingine. Alikaa kwenye kigoda chake kwa muda, akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Kisha akajifunga kanga, akatoka, akaifuata njia ya ng'ombe mpaka kwenye boma la karibu, la mfugaji Celestina.

Celestina, mwanamke wa makamo, alikuwa anafunga ndama. Alipomwona mgeni alisimama.

"Shikamoo, mama."

Yusta hakutazama pembeni. Mara ngapi mwanamke huyu alimwamkia sokoni akaambulia kisogo?

"Marahaba," alisema mwishowe. "Nina mtoto pale kituoni. Ni wa kwenu. Hali chochote. Nadhani anataka maziwa."

"Wewe ni mke wa Timotheo."

"Ndiyo."

Celestina hakuuliza zaidi. Aliingia ndani, akatoka na kindoo cha mfuniko kilichojaa maziwa ya mgando. "Mpe kidogo kidogo," alisema. "Tumbo lake limekaa tupu. Pole, mama. Sikupata nafasi ya kukupa pole."

Yusta alikipokea kindoo, akashika njia ya kurudi.

Kituoni alimimina maziwa kwenye kikombe, akampa Ndaki. Mtoto alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akamrudishia Yusta.

"Kunywa, mama," Yusta alimbembeleza.

Ndaki alitikisa kichwa, akazidi kukisogeza. "Bibi kwanza," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa kituo kumsikia akizungumza. Kwao alifundishwa kwamba mtoto haanzi kabla ya mkubwa, na njaa ya siku tatu haikumfanya asahau.

Fausta, ambaye alijua nadhiri ile, aliangalia chini. Yusta alikumbuka alichosema siku ya tanga, na sauti aliyokisema nayo. Mtoto bado alikuwa amekishikilia kikombe mbele yake.

Akakipokea, akanywa. Hakujifanya kunywa, alimeza, na machozi yakamtoka mbele ya watoto wote bila kuyaficha. Kisha akamrudishia. Ndaki alikunywa taratibu, akapumzika, akanywa tena mpaka akamaliza.

Kesho yake asubuhi Yusta alirudisha kindoo cha Celestina. Kwa kuwa chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, alikijaza maharage ya shamba la Timotheo.