Moshi wa Isirik Unafanya Nini?

Kwa ufundi wa kompyuta, mji mzima wa Kokand hauna mkono kama wa Tolibjon, na anayebisha alete yake iliyokufa tuone. Moyo wake ndio ulikuwa na ganzi. Tangu mkewe Muyassar azikwe, miezi kumi na minne sasa, alikuwa kama mguu uliolaliwa: upo, unabeba mwili, lakini ukiufinya hauna habari. Pilau ya Alhamisi aliila akasema tamu. Ungempa pamba angesema tamu vilevile.

Mchana, wateja wakipungua dukani, alicheza mchezo wa chembe kwenye kompyuta. Usicheke, ni mtu wa miaka arobaini na mmoja. Kioo cheusi, unamwaga mchanga, maji, moto, tindikali, kisha unatazama vinafanyiana nini. Kuna hata kirusi, chembe ya zambarau inayotafuna kila inachogusa.

Wachezaji wana jukwaa lao mtandaoni la kupendekeza chembe mpya. Ijumaa moja Tolibjon akaandika: "Isirik. Mbegu kavu. Ikipata moto hutoa moshi mweupe." Akaona amemaliza. Nani asiyejua isirik? Kwetu mtoto akizaliwa, isirik. Mtu akikohoa, isirik. Gari jipya hufukizwa kabla halijatiwa petroli.

Msimamizi wa jukwaa, aliyejiita Kutu, akajibu: "Moshi tunao. Wa kwako unafanya nini?"

"Unafukuza kijicho na maradhi."

"Kijicho hakimo mchezoni."

Mchezaji mwingine akadakia: "Kimo, kaka. Hujaona wanavyoitazama ngome yangu?"

"Kirusi kimo," akaandika Tolibjon.

"Haya. Moshi wako unaua kirusi? Ndiyo au hapana. Kama ndiyo, naiingiza leo."

Vidole vikasimama. Majira yale ya baridi, mapafu ya Muyassar yalipoziba, Bi Sanobar, mama yake Tolibjon, alikizunguka chumba na kikaango cha isirik asubuhi na jioni, siku kumi na tisa. Muyassar akitania, "Mama, unanikausha kama soseji ya farasi." Siku ya ishirini hapakuwa na wa kufukiziwa. Sasa akiandika ndiyo, amemdanganya marehemu. Akiandika hapana, amemwambia mama yake kwamba alizunguka bure.

Akafunga duka, akaenda nyumbani. Bi Sanobar alikuwa jikoni anakata karoti, mafuta yako motoni.

"Mama, isirik inafanya nini?"

"Swali gani hilo? Inafukizwa."

"Najua inafukizwa. Inafanya nini?"

"Nami nilidhani nimezaa fundi!" Kisu hakikusimama. "Mwanangu, ulitaka nikae pale mikono mitupu?"

Tolibjon akafungua kompyuta yake palepale, kwenye kona ya meza, akaandika: "Haiui kirusi. Hufukizwa tu."

Kutu hakuchelewa: "Basi ni pambo. Imekataliwa."

Hakusikia uchungu. Akaitengeneza mwenyewe, ndani ya kompyuta yake, maana kazi hiyo kwake ni kama kumenya yai. Palipoulizwa moshi ukigusa kitu kinakuwaje, akajaza: kinabaki kilivyo. Akaweka kirusi katikati, mbegu pembeni, moto chini. Uzi mwembamba mweupe ukapanda.

Bi Sanobar akamimina karoti kwenye mafuta, akaja akainama, kisu mkononi. "Hiyo ndiyo isirik? Umetia kiasi gani?"

"Mbegu moja."

"Moja! Ubahili wa baba yako huo. Tia konzi!"

Akatia konzi. Moshi ukafumka, ukajaza kioo chote, ukaifunika ile zambarau. Chini yake kirusi kiliendelea kutafuna. Tolibjon alijua, kanuni aliiandika yeye.

"Ongeza," alisema mama yake.

Akaongeza. Walisimama hivyo, bega kwa bega, mpaka jikoni kukanuka kuungua.

"We Tolibjon! Karoti!" akafoka Bi Sanobar. "Pua umeiweka wapi?"

"Sijasikia harufu, Mama," akasema, akanyoosha mkono akaongeza konzi nyingine.