Walivyoikuza Ujerumani Ukutani

Watu wa Endamarariek wanasema mume wangu aliharibu ukuta wa shule kwa uzee na kiburi. Mimi niliishia darasa la pili, lakini kuandika naweza, polepole, na safari hii nitaandika mpaka niyamalize.

Mume wangu ni Emilian, mchora mabango. Yule ng'ombe mwekundu kwenye duka la dawa za mifugo pale Karatu ni wake. Shamba la mbaazi na mahindi nimelima mimi, na sijawahi kumlalamikia, maana nilimkuta na brashi. Zaidi ya miaka thelathini amechora ramani ya dunia kwenye kuta za shule, kuanzia huku kwetu mpaka Digodigo, kule ambako barabara inakushusha garini ukiwa na mgongo wa mtu mwingine. Kazi yenyewe iko hivi: ramani ya kitabuni unaipiga miraba midogo kwa penseli, halafu ukutani unapiga miraba mikubwa kwa uzi uliopakwa masizi, kisha unahamisha mraba mmoja mmoja. Hukosei. Kama kitabu kimekosea, na wewe unakosea vilevile, tena kwa rangi ya mafuta.

Emilian aliligundua hilo akiwa ameitwa kuchora tembo kwenye hoteli moja ya wageni, njia ya kwendea lango la Ngorongoro. Pale mapokezi paliwekwa tufe la dunia, la kuzungusha kwa kidole. Wenzake wakienda kula, yeye analizungusha. Akaona Grinilandi, kile kisiwa cha barafu huko juu kabisa, ni kidogo. Na yeye miaka yote alikichora kikubwa, kinakaribia Afrika nzima! Akalaza nailoni nyembamba juu ya tufe, akafuatisha kisiwa kwa kalamu, akafuatisha na Afrika, akaja nazo nyumbani.

"Mama Selina, nikatie Grinilandi kumi na nne."

"Za nini?"

"Wewe kata."

Nikakata kwa mkasi wangu wa kushonea, kila kipande ukubwa wa kiberiti. Tukavipanga juu ya Afrika pale mezani, vingine tukavikatakata kuziba mapengo. Vyote kumi na vinne vikaingia. Kongo peke yake ilikizidi kile kisiwa. Akaniambia tatizo ni kwamba dunia ni duara na ukuta ni bapa. Ganda la chungwa ukilibandika ukutani linachanika, basi waliochora kitabu wamelivuta kule juu na kule chini lisichanike, na nchi za huko zikanenepa. Sisi wa katikati hatukuvutwa.

Chakula kikampoa mbele yake. "Mama Selina," akasema, "nimewadanganya watoto wa watu miaka thelathini."

Tangu hapo akawa msumbufu kilabuni. Anauliza watu, "Jangwa kubwa kuliko yote duniani ni lipi?" Wanajibu Sahara. Anasema hapana, ni Antaktika, kwenye barafu ya kusini, maana jangwa ni mahali pasiponyesha, hata kama pana baridi. Watu wanacheka mpaka pombe inamwagika. "Jangwa la barafu! Mzee Emilian, mpunguzieni kikombe huyu!" Mimi nilikuwa namwambia aache, watu hawapendi kuulizwa wanachodhani wanakijua.

Ndipo wafadhili wa Kijerumani wakajenga madarasa mawili kwenye shule yetu, na Mwalimu Mkuu, Wilibrodi, akaja kuomba ramani. Wakati huo jicho la kushoto la Emilian lilikuwa limeshafunikwa na mtoto wa jicho, na la kulia linaanza.

"Hii ndiyo ya mwisho," akaniambia. "Ninataka nife nimeacha moja ya kweli."

Akachora siku kumi na moja. Alipima kwa zile nailoni na nyingine alizorudi kufuatisha hotelini, si kwa kitabu. Afrika ikatoka kubwa, imeshuka katikati ya ukuta kama ngozi ya ng'ombe dume iliyotandazwa juani. Mimi nilishika ngazi, na pale jicho lilipomshinda nilimwelekeza: kushoto kidogo, shuka, hapo. Kwa hiyo anayesema Emilian ameharibu, ananisema na mimi.

Mwalimu Mkuu alipoiona akashika kiuno.

"Mzee wangu, hii nini? Grinilandi umeifanya kama Ukerewe!"

"Ndivyo ilivyo, mwalimu."

"Ndivyo ilivyo wapi? Hebu ona." Akatoa simu, akafungua ramani. "Hata kwenye simu iko kubwa. Simu nayo imezeeka?"

"Simu nayo ni bapa," Emilian akasema. "Twende hotelini ukaone tufe."

"Baba, sina muda wa tufe. Wageni wanakuja Jumamosi. Sasa niambie, Ujerumani iko wapi hapa?"

Emilian akamwonyesha kwa brashi.

"Hiyo? Mtu amekujengea madarasa mawili, unampa kinchi cha kufunika kwa kiganja?"

"Tanzania inaimeza mara mbili na inabaki. Kukujengea darasa hakumwongezei ardhi."

"Mama, mwambie mzee," Wilibrodi akanigeukia mimi. "Aikuze kidogo tu. Wageni wakiondoka tutarekebisha."

Nikamwambia, "Mwalimu, mtoto akikuletea hesabu ya uongo kwa sababu kuna wageni, unampa vema?"

Alinikasirikia. Kamati ya shule ikakaa, na wazazi wote walionyoosha mkono walinyoosha upande wa mwalimu, hata wale ambao Emilian aliwachorea misalaba ya makaburi ya wazazi wao. Siku ya Ijumaa akaletwa Adrian, kijana aliyefundishwa kushika brashi na Emilian mwenyewe. Alifuta kwa rangi nyeupe akapiga miraba kutoka kitabuni. Emilian alisimama barabarani akatazama mpaka Afrika ilipofunikwa yote, akarudi nyumbani. Sikumwona akilia. Alikaa akisugua brashi kwa mafuta ya taa, ingawa zilikuwa safi.

Jumamosi hakwenda. Nilikwenda mimi, na gauni langu la Pasaka. Baada ya nyimbo, walipouliza kama kuna mzazi mwenye neno, nikasimama. Wilibrodi alikuwa mkalimani, akaniangalia kama anayeona ng'ombe ameingia kanisani.

"Namuuliza mgeni," nikasema, "kati ya Tanzania na nchi yake, ipi kubwa?"

Mwalimu akasema maneno yake ya Kizungu. Yule mama wa Kijerumani akacheka vizuri tu, akajibu kirefu, akinyoosha mikono kuonyesha kikubwa. Mwalimu akatugeukia. "Mgeni anasema ramani yetu ni kubwa na nzuri, na anawashukuru akina mama." Wote wakapiga makofi. Halafu watoto wakapangwa mbele ya ukuta kupigwa picha, wakaiziba ramani yote. Hakuna mgeni aliyeitazama tena.

Kwenye magari nilimkuta dereva wao, Saruni, Mmasai wa Kakesio, anayekijua Kizungu.

"Bibi, shikamoo. Wewe ndiye uliyeuliza? Mbona mwalimu amekugeuzia maneno? Yule mama amesema Tanzania ni kubwa sana, yao inaingia huku mara mbili na zaidi. Akashangaa mbona ramani ya ukutani haionyeshi."

Nilitembea haraka, na magoti haya. Nilidhani nimembebea Emilian dawa. Nikamweleza yote bila kukaa.

Kisha akasema, "Kwa hiyo wewe sasa umeamini."

"Mimi? Si nilizikata mwenyewe!"

"Umekuja unakimbia na neno la Mzungu, Mama Selina. Nailoni hukuzikimbilia hivyo."

Siku hizi jicho la kulia nalo limefunga, hospitali hataki, anasema hana cha kwenda kutazama. Wilibrodi akipita humwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba, basi. Hakuna aliyerudi kurekebisha chochote. Juzi nilimsikia mjukuu wetu akikariri nje na wenzake kwamba Grinilandi inakaribia kulingana na Afrika. Nilitaka kutoka nimkatize. Emilian akanishika mkono, akaniambia niache, mtihani uko karibu na mtoto atafelishwa.