Trei Moja Hivi, Trei Moja Vile

Carol Aanyu wa Mukuju, upande wa Uganda, alikuwa na sanduku la mbao lenye balbu ndani, na hilo sanduku lilikuwa linajua mayai. Unaweka trei ya plastiki juu yake, unafunika na blanketi ili kuwe giza, unapitisha simu kwa shimo la blanketi, unapiga picha. Mwanga unatoka chini unapenya yai. Yai zuri linang'aa kama chungwa. Yai bovu linakaa jeusi, kimya, kama mgeni ambaye hajaletewa chai. Simu inaangalia yote thelathini, halafu inakuchorea jedwali, na pale penye yai bovu inaweka alama nyekundu. Unatoa hilo, unaendelea na maisha.

Hakuna mtu alimfundisha. Alijifunza kuandika programu kwa simu, video baada ya video, network ikikwama anangoja, ikirudi anaendelea. Baadaye akapata laptop ya mkono wa pili ambayo betri yake ilikufa kabla wajuane. Akapiga picha mayai ya kufundishia simu mpaka kuku wakazoea, wakawa wanataga na kusogea kando wenyewe.

Kuku walikuwa wa Anti Benedeta, dada ya baba yake. Na Anti Benedeta alikuwa na njia yake ya kupima mayai: anachukua moja, analitikisa karibu na sikio, anasikiliza. Likinyamaza, zuri. Likigugumia, baya. Alikuwa anasikiliza kila yai na uso wa mtu anayepokea simu ya msiba. Lakini kuku walikuwa wameongezeka na masikio yalikuwa yaleyale mawili, kwa hivyo Carol akamwomba ajaribu sanduku. Akaomba wakati wa kulisha kuku, akaomba wakati wa kuosha vyombo, akaomba hata wakiwa njiani kutoka kanisani. Mwishowe Anti akakubali, na masharti.

"Metrine akikataa mayai yangu hata siku moja," alisema, "hiyo balbu inarudi kuwapa vifaranga joto, na mimi narudi kwa sikio."

Metrine alikuwa na hoteli ya chapati na mayai kule Busia, upande wa Kenya. Ni hoteli kwa maana ya kwamba iko na benchi, viti vichache vya plastiki na paa. Kikaango kilikuwa mlangoni, kila mtu anaona yai lake likipasuliwa. Karibu mayai yote ya Anti yalikuwa yanaishia hapo. Metrine akiwacha kununua, Anti angebaki na kuku wengi na rafiki wachache.

Mzigo wa kwanza wa sanduku ukaenda Busia. Carol mwenyewe aliusindikiza mpaka kwa bodaboda, akaufunga kamba, akaubariki kidogo.

Asubuhi iliyofuata Metrine akapasua yai kwa kikaango cha moto, mbele ya wateja. Sitaki kueleza harufu. Nitasema tu kwamba kulikuwa na mtu wa boda anaitwa Lenox, mteja wa kila siku, alikuwa amekaa karibu kabisa na moto. Alisimama, akachukua kiti chake cha plastiki, akakipeleka mpaka mbele ya duka la jirani, akakaa huko. Aliendelea kungojea chapati yake ya kwa Metrine, lakini kutoka huko.

Metrine akapiga simu Mukuju. Alianza kwa kuuliza habari ya kuku, habari ya mvua, habari ya goti la Anti. Watu wa huku wakianza na goti, jua ni mbaya.

"Benedeta, mimi nakupenda kama dada," alisema. "Lakini yai lako limehamisha mteja pamoja na kiti chake."

Alisema atachukua mzigo mmoja zaidi, kwa sababu ya urafiki. Yai moja bovu likipatikana ndani, atanunua kwa Okochi. Okochi alikuwa muuza mayai mwenye bango kubwa lenye picha ya kuku anayecheka.

Anti aliweka simu chini, akamwangalia Carol, akaangalia balbu. Halafu wakaenda kwa beseni ambapo walikuwa wameweka yale mayai simu ilisema ni mabaya. Wakayapasua. Mengi yalikuwa mazima kabisa, kiini kimesimama. Wakakaanga na vitunguu wakala. Ilikuwa omeleti ya ushahidi, na ilikuwa tamu, hiyo ndiyo ilimuuma Carol zaidi.

Alifikiri shida ni kwamba simu haijaona mayai mabovu ya kutosha. Akapita kwa majirani akiomba mayai yaliyooza. Jirani mmoja, Mama Atim, akampa kikapu kizima bila kuuliza, lakini siku hiyohiyo akapeleka jina la Carol kwa kikundi cha maombi. Carol akapiga picha upya, akafundisha simu upya. Ukiionyesha yai moja moja, ilikuwa haikosei. Ukiweka trei, inasema ukweli. Ukiweka trei nyingine, inasema uongo. Nyingine tena, ukweli. Ilikuwa kama yule shemeji ambaye leo ameokoka, kesho amelewa, na kesho kutwa ameokoka tena.

Sasa skia vile mambo ilikuwa ndani. Kwa kompyuta, trei si trei. Picha ya kila yai ni mraba wa nukta, una urefu na upana, na kila nukta iko na rangi tatu, na mayai ni thelathini. Ni kama trei ndani ya trei ndani ya trei. Hiyo sehemu ngumu Carol aliicheki mpaka macho yakauma, na ilikuwa sawa. Mwisho wa yote simu inabaki na mstari mmoja mrefu wa namba thelathini, yai la kwanza mpaka la mwisho, kushoto kwenda kulia, kama vile mtu anasoma. Halafu kuna amri inaitwa reshape. Kazi yake ni kukunja huo mstari uwe jedwali: sita, halafu sita chini yake, mpaka safu tano zijae.

Na reshape haiulizi maswali. Ukiipa vitu thelathini uiambie safu tano za sita, inakunja. Uiambie safu sita za tano, inakunja. Safu mbili za kumi na tano, inakunja tu. Bora jumla itoshe. Ni kama fundi wa nguo ambaye anashona vizuri sana bila kuuliza mwili ni wa nani. Hiyo hatua Carol aliandika mara moja na hakurudi kuiangalia, kwa vile ilikuwa rahisi.

Siku ya mzigo wa mwisho ikafika. Asubuhi Carol alikuwa anapanga trei, bado hajui shida iko wapi. Na kama umewahi kupanga mayai unajua: trei moja ukiielekeza hivi, ya juu yake unaigeuza vile, inakaa msalaba. Usipogeuza, ya juu inazama ndani ya ile ya chini, na mayai yanabusiana mpaka yanapasuka. Kila mtu anayevusha mayai kwa huu mpaka anapanga hivyo. Carol alianza kupanga hivyo akiwa darasa la pili. Mikono yake ilikuwa inajua hiyo kitu sana, mpaka ikasahau kuambia kichwa.

Akaweka trei. Akachukua nyingine, mikono ikaigeuza yenyewe. Carol akaangalia mikono yake kama ya mtu mwingine. Akaita Anti.

"Anti, hizi trei unazitoa kwa nyumba ya kuku ukiwa umepanga moja hivi, moja vile."

"Sasa mimi napanga namna gani? Mayai ipasuke?"

"Hapana. Ni simu. Simu haijui."

Anti akawacha kufagia. "Haijui? Si ulisema inajua mayai?"

"Inajua mayai. Haijui trei."

Anti alifikiria hiyo maneno kidogo. "Basi imefanana na wewe," akasema, akaendelea kufagia.

Ilikuwa hivyo tu. Trei ni mraba, inaingia kwa sanduku hata ikiwa imegeuzwa, lakini ikigeuzwa safu zake zinakuwa za mayai matano badala ya sita. Na Carol alikuwa anazitoa kwa mlima wa trei zikifuatana, anaziweka kwa sanduku vile zilikuja, moja hivi, moja vile. Simu ilikuwa inaona kila yai vizuri. Lakini wakati wa kukunja, safu ya kwanza ina matano, reshape inataka sita, inakopa moja kwa safu ya pili. Safu ya pili inabaki na manne, inakopa mawili kwa ya tatu. Mpaka ufike chini, kila mtu amekaa kwa kiti cha mwenzake. Na kwa sababu jumla ni thelathini, kompyuta haikulalamika hata mara moja. Halafu Anti, akitoa trei kwa sanduku, alikuwa anaigeuza ili ifanane na jedwali la simu, kama mtu anayekunja vidole ili viatu viingie. Kwa hivyo uongo ulikuwa umesaidiwa na familia nzima.

Carol alikaa kwa kizingiti na laptop, waya umepita dirishani. Kabla ya kukunja, akaiambia simu ihesabu kwanza mayai ya safu ya juu. Ikiona sita, ikunje kwa sita. Ikiona matano, ikunje kwa tano. Halafu akaweka sheria moja ya nyumba: trei haitoki kwa sanduku mpaka mayai mabaya yatoke. Anti aliuliza kama hiyo ndiyo yote. Carol akasema ndiyo. Anti akasema alikuwa anangojea kitu kikubwa zaidi.

Wakapima mzigo wote upya. Kila yai simu iliweka alama, Anti alilichukua akalitikisa kwa sikio. La kwanza likagugumia. Lingine likagugumia. Alisikiliza yote yenye alama mpaka ya mwisho, na uso wake wa msiba haukubadilika, lakini alianza kuyaweka kwa beseni bila kuangalia Carol, na hiyo kwa Anti ni kupiga makofi.

Safari hii Carol alienda na mzigo mpaka Busia. Metrine akampa chai, akarudi kwa kikaango. Lenox alikuwa amekaa mbele ya duka la jirani, kiti kilekile. Alikuwa ameanza kuzoea huko.

Mpishi mwingine angepasulia yai kwa kikombe kwanza, kwa usalama. Metrine hakutaka kikombe. Alitoa trei ya juu akaiweka kando, akachukua ya pili, ile ya msalaba, akachagua yai la katikati kabisa. Akalipasua juu ya moto.

Kiini kikasimama, njano, hakina habari na mtu.

Akachukua la pembeni yake. Akachukua la safu ya chini. Carol alikunywa chai ikiwa moto bado, akaungua ulimi, hakusikia. Wateja wakaja, wakala, wakaenda, na trei ya msalaba ikaisha bila mtu yeyote kuhama.

"Wiki ijayo leta kama hizi," Metrine alisema, bado anageuza chapati. "Na mwambie Benedeta asinipigie simu ya kushukuru. Niko na kazi."

Kule kwa jirani, Lenox alisimama, akachukua kiti chake, akaanza kurudi kwa moto. Alifika nusu ya njia, akanusa hewa, akakiweka hapo, akakaa.